Kiraka kilichokataliwa: kukitunza au kukiacha?

Mtaalamu wa kompyuta anapotengeneza kiraka, yaani kipande cha msimbo kinachorekebisha programu ya wengine, hukipeleka kwa wasimamizi wa mradi mama. Kikikataliwa, leseni ya programu huria humruhusu kuendelea kukitumia na kuwagawia wengine, lakini mzigo wa kukitunza humwangukia yeye.

Mzigo huo hauonekani siku ya kwanza. Kiraka huandikwa kufuata mistari ya toleo fulani, na mistari hiyo ikibadilishwa hakikai tena mahali pake. Kerneli ya Linux hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miezi miwili, wala haimsubiri mtu. Hatari zaidi ni kiraka kinachoingia bila kosa lolote kuonekana, ilhali maana ya msimbo unaokizunguka imekwisha kubadilika.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Con Kolivas, daktari wa dawa za usingizi nchini Australia. Yeye alishughulikia sehemu ya kerneli inayogawa zamu za prosesa baina ya programu, akitaka kompyuta ya mezani isikwamekwame muziki unapochezwa. Mwaka 2007 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alichagua CFS, kazi ya Ingo Molnar, ambayo iliingia katika toleo la 2.6.23 Oktoba mwaka huo. Torvalds alieleza kuwa alitazama pia namna Kolivas alivyowajibu watumiaji walioripoti matatizo. Molnar alikiri kwamba wazo la mgawo wa haki alilipata kwa Kolivas; shukrani njema, ingawa haipunguzi uchungu.

Kolivas alijiondoa mwaka huo huo. Alirejea mwaka 2009 na kiraka cha BFS, safari hii bila nia ya kukiingiza katika mradi mama, kisha mwaka 2016 akakibadilisha kwa MuQSS.

Viraka vya kuiwezesha Linux kuitikia kwa wakati maalumu, PREEMPT_RT, navyo vilikaa nje kwa takriban miaka 20. Hata hivyo, vilibebwa na watu kadhaa, pamoja na kampuni zilizovihitaji katika mitambo, na vipande vyake vilikuwa vikipokelewa kimoja kimoja, hivyo mzigo ukapungua. Sehemu ya mwisho iliyohitajika iliingia katika toleo la 6.12, Novemba 2024.

Kiraka cha Kolivas hakikuweza kumegwa hivyo, kwa kuwa kiling'oa sehemu nzima na kuweka nyingine. Mwaka 2021 aliacha kukitunza. Waliokitegemea walibaki na njia tatu: kung'ang'ania kerneli ya zamani, kutafuta mtu mwingine wa kukibeba, au kurudi kwenye CFS, ambayo nayo ilianza kupisha utaratibu mwingine, EEVDF, katika toleo la 6.6 la mwaka 2023.