Paka wa kompyuta na siri ya jeni zilizojificha

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo, paka wawili weusi wanaweza kuzaa mtoto wa kijivu, na tukio hilo halina muujiza wowote.

Rangi ya kijivu hutokana na jeni fiche, yaani jeni isiyoonekana kwa macho maadamu imekaa pamoja na jeni tawala. Mtoto hupokea nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Akipokea nakala mbili fiche, sifa iliyojificha hudhihirika.

Msingi wa kanuni hiyo uliwekwa na mtawa Gregor Mendel kwa majaribio ya njegere mjini Brno, yaliyochapishwa mwaka 1866. Karne moja na nusu baadaye, fikra yake ilijitokeza kwa sura mpya katika biashara ya paka wasio na mwili.

Mchezo wa fedha

Mchezo wa CryptoKitties ulizinduliwa Novemba 2017 na kampuni ya Axiom Zen ya Vancouver, Canada. Wachezaji walinunua na kuzalisha paka wa kompyuta kwa sarafu ya ether, na mwezi uliofuata shughuli zao zilikuwa nyingi kiasi cha kusababisha msongamano katika mtandao wa Ethereum. Septemba 2018, paka aitwaye Dragon aliuzwa kwa ether 600, takriban dola 170,000 za Marekani wakati huo.

Kila paka alipewa jeni 48, zilizogawanywa katika mafungu 12 ya jeni nne nne: moja tawala na tatu fiche. Mnunuzi aliona sura tu, ilhali thamani ya uzao ilitegemea pia yale yasiyoonekana.

Jinsi siri ilivyofichuka

Kampuni ilificha kanuni ya kuchanganya jeni, lakini daftari la vizazi vyote lilikuwa wazi kwa umma. Wachambuzi walilinganisha namba za wazazi na za watoto wao, hadi mpangilio ukabainika.

Ilidhihirika kwamba jeni tawala ya mzazi ina nafasi ya asilimia 37.5 ya kuonekana kwa mtoto. Jeni fiche ya kwanza ina asilimia 9.4, ya pili 2.3, na ya tatu chini ya asilimia moja. Hivyo, paka wawili wanaofanana kwa sura wanaweza kutofautiana sana kwa uzao.

Tahadhari ya mfugaji

Ushahidi wa uzao hauna uzito sawa pande zote. Paka halisi mweusi akipandishwa na wa kijivu, mtoto mmoja tu wa kijivu anathibitisha kwamba mweusi huyo amebeba jeni fiche. Lakini watoto watano weusi mfululizo hawathibitishi kwamba hana: hata akiwa nayo, matokeo hayo hutarajiwa mara moja katika kila 32.

Katika CryptoKitties palikuwa na mtego mwingine. Jeni mbili maalumu zikikutana, huweza kuzaa sifa mpya ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo. Kwa hiyo sifa ngeni kwa mtoto haikutosha kuwa ushahidi wa urithi. Ilibidi kwanza kuchunguza jeni za wazazi wote wawili.

Homa ya biashara hiyo ilipoa na bei zikaporomoka. Kilichobaki ni somo ambalo wafugaji wa wanyama halisi pia hulihitaji: kutoonekana kwa sifa si dalili ya kutokuwapo kwake.