Dawa za Presha: Zilikotoka na Namna Zinavyochaguliwa

Ndugu msomaji, simba akiingia kijijini kila mtu hufunga mlango, kwa kuwa simba hunguruma. Ama presha, hiyo hainguruma. Mtu huishi nayo miaka mingi, akivua, akilima, akihudhuria sala ya jamaa, wala haoni maumivu, mpaka siku moja upande wa mwili ukapooza. Kwa ajili hiyo yafaa tuitazame historia ya dawa zake, kwani ajuaye asili ya kitu hujua na thamani yake.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, wala haikutoka kwa taifa moja. Ibn al-Nafis, tabibu na mwanachuoni wa fiqhi aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akabainisha mzunguko wa damu mwilini mote. Mwaka 1896 Mtaliani Scipione Riva-Rocci akatengeneza mfuko wa kubana mkono, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kuusikiliza mshipa chini ya mfuko huo. Hapo zikapatikana namba mbili tunazoandikiwa hospitali: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, na ya chini ni ile inayobaki moyo unapopumzika.

Maradhi yakapimika, lakini dawa ya kutegemewa haikuwapo. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu ubongoni, na siku ile presha yake ilipimwa 300 kwa 190. Mtawala wa dola kubwa kama ile, na madaktari wake hawakuwa na kidonge cha kuishusha vilivyo!

Dawa ya mwanzo kuenea ilitoka katika mzizi. Wahindi walikuwa wakiutumia tangu zamani mzizi wa mmea uitwao Rauvolfia serpentina. Mwaka 1949 Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alitangaza, katika jarida la madaktari wa moyo la Uingereza, nafuu waliyoipata wagonjwa wake wa presha. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakatoa kiini chake, ndicho resapini. Mmea wa jamii hiyo huota Afrika pia, na mizizi yake ilichimbwa Kongo ikapelekwa viwanda vya Ulaya. Basi mzizi na kidonge si maadui. Tofauti ni kipimo: kiasi gani, kwa nani, na kwa madhara gani. Na madhara yalionekana, maana wengine waliingiwa na huzuni nzito, ndipo zikatafutwa dawa nyingine.

Ukitaka kuzifahamu hizo zilizofuata, fikiri pampu na mpira wa maji. Nguvu huzidi maji yakiwa mengi, au pampu ikisukuma kwa kasi, au mpira ukibanwa. Dawa za jamii ya thaiazaidi, zilizoanza kutumika mwaka 1958, huziamrisha figo zitoe chumvi na maji kwa mkojo. Propranololi, iliyobuniwa na James Black katika miaka ya 1960, hupunguza kasi ya moyo. Kaptoprili, iliyotokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili na kuruhusiwa Marekani mwaka 1981, huuzuia mwili kutengeneza kitu kinachobana mishipa. Amlodipini hulegeza misuli ya kuta za mishipa.

Sasa daktari huchaguaje? Humtazama mtu mzima, si namba peke yake. Mwenye pumu, propranololi yaweza kumbana kifua. Mjamzito hapewi kaptoprili, kwani humdhuru mtoto tumboni. Methildopa ndiyo iliyotumika kwao miaka mingi. Mwenye kisukari kilichogusa figo, kaptoprili na jamaa zake humlinda figo. Tena uchunguzi wa mwaka 2019 katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi amlodipini ikichanganywa na mwenziwe, ama thaiazaidi ama perindoprili, hushusha presha zaidi kuliko hizo mbili zikichanganywa bila yake.

Hapa kwetu Kiswere, baina ya Kilwa na Lindi, ujirani ni mwema, na mtu hugawana na jirani hata chumvi. Lakini kidonge si chumvi. Kilichomponya jirani chaweza kukuangusha wewe. Wala usiache dawa kwa kuwa kichwa hakiumi. Presha iliyoshuka ni dalili kwamba dawa yafanya kazi, na baadhi yake zikiachwa ghafla moyo hudhurika. Utafiti wa Ilala na Hai uliotolewa mwaka 2000 ulikuta kwamba, katika kila wenye presha 100, hakutimia mmoja ambaye presha yake imedhibitiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kapime hata kama huumwi. Punguza ng'onda na chumvi ya mezani. Kabla ya Ramadhani muulize daktari, hasa ukinywa dawa ya mkojo, kwani nyingi za kumeza mara moja kwa siku zaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Mwili ni amana. Roosevelt alikufa akikosa kidonge. Nawe usife na chako kikiwa kabatini. Mwenyezi Mungu atupe afya na atuwezeshe kuitunza. Amin.