Jua la Jjajja na Taa ya Hospitali

Mwaka jana dada yangu alijifungua kijijini kwetu, Masaka. Siku ya tatu macho ya mtoto yaligeuka manjano. Jjajja, bibi yetu, akamlaza uani kwenye jua la asubuhi. Muuguzi alipomwona akaagiza apelekwe hospitali mara moja, na huko alilazwa chini ya taa ya buluu kwa siku mbili. Jjajja aliniuliza, "Taa hiyo inalishinda nini jua langu?" Nilitafuta jibu katika historia.

Chembe nyekundu za damu zinapochakaa na kuvunjika, hubaki bilirubini, taka ya rangi ya manjano inayotolewa na ini. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo taka hiyo hujaa katika damu. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Ikizidi mno, huingia ubongoni, na mtoto anaweza kuwa kiziwi, kulemaa au kufa. Zamani, hali ilipokuwa mbaya, tiba ilikuwa kumbadilishia mtoto damu, kazi yenye hatari zake.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa juani watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyefifia umanjano mwili mzima, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Baadaye, damu iliyoachwa dirishani juani ilipimwa ikaonekana bilirubini yake imepungua. Daktari Cremer na wenzake wakatengeneza kitanda chenye taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Mwanga hubadilisha umbo la bilirubini, ikaweza kutoka kwa nyongo na mkojo.

Kwa hiyo tiba hii ilianzia juani, kwa jicho la muuguzi. Lakini jua halipimiki: huchoma ngozi, hujificha mawinguni na usiku halipo. Taa huwaka usiku na mchana, macho ya mtoto yakiwa yamefunikwa na damu yake ikipimwa. Kumwanika mtoto nyumbani huku umanjano ukizidi ni kupoteza saa ambazo ubongo wake hauna.

Nilipomweleza Jjajja, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi jua langu nitaanikia mihogo. Mtoto mpelekeni kwenye taa."