Saa Kuukuu Ni Shahidi

Msomaji kijana, huenda siku moja ukatamani kuvaa saa ya mkono ya zamani, ile itiwayo ufunguo kila asubuhi, wala haijui betri. Kutamani hivyo si kosa. Lakini fahamu kwamba anunuaye kitu cha kale hununua mambo mawili pamoja: chombo chenyewe, na habari isimuliwayo juu yake. Chombo kikiharibika, fundi aweza kukitengeneza. Habari ikiwa ya uongo, hakuna fundi wa kuiponya.

Kabla ya mwaka 1914 wanaume wengi wa Ulaya walitia saa zao mfukoni, na saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyogeuza desturi hiyo, kwa kuwa askari aliye handakini, bunduki mikononi, hana nafasi ya kupapasa mfuko. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliagiza saa za askari kwa makampuni 12, nazo zikapokelewa mwaka 1945, kila moja imechorwa alama ya mshale mpana mgongoni. Nao vijana wa Kenya walikuwamo vitani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba 1944.

Huku kwetu Kibugu, katika miteremko ya Mlima Kenya, saa zilifika kwa njia ya amani pia. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache wa Embu, Meru na Kisii kulima kahawa, na baada ya mwaka 1954 kilimo hicho kikaenea sana. Fedha ya kahawa ililipa karo, ikaezeka nyumba kwa mabati, na pengine, baada ya mavuno mema, ikanunua saa.

Nami nilipata kudanganyika. Mchuuzi mmoja aliniuzia saa yenye mshale mgongoni, akaapa kwamba ilivaliwa na askari wetu siku ile ya kuingia Kalewa. Nilitoa akiba ya miezi minne. Kisha nikaipeleka darasani, nikawasimulia wanafunzi wangu wa ualimu habari za ushujaa wake, nao wakaishika kwa heshima. Juma lililofuata fundi saa mmoja mzee aliitazama, akanionyesha chini ya uso wake herufi T mbili, moja kila upande wa neno Swiss. Herufi hizo zaonyesha kwamba rangi ing'aayo gizani imetiwa tritiamu, nayo haikuenea katika saa kabla ya miaka ya 1960. Na mimi mwalimu wa historia nilipaswa kujua mapema kwamba saa iliyopokelewa mwaka 1945 haikuweza kuwako Kalewa mwaka 1944! Ilinibidi kurudi darasani na kukiri kosa langu. Fedha iliniuma, lakini kuwasingizia marehemu jambo wasilolitenda kuliniuma zaidi.

Basi, ewe mwenye mfuko mwepesi, usiifuate saa ya vita, maana bei yake ni kubwa na waigaji wake ni wengi. Tafuta saa ya watu wa kawaida. Seiko 5, kwa mfano, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1963, na za zamani hupatikana hata leo kwa bei ya kadiri. Soma namba iliyo mgongoni: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Ikianza na 73, ilitengenezwa mwezi wa Machi, mwaka unaoishia na 7. Kama ni 1967 au 1977, namba ya mtambo itakuambia. Mtu akikuonyesha saa yenye neno Quartz akidai ni ya mwaka 1965, mwache aende zake, kwani saa ya mkono ya namna hiyo iliuzwa mara ya kwanza Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Uso unaomeremeta kama mpya juu ya mwili uliochakaa, shaka ni kwamba umepakwa rangi upya. Wala usikwaruze rangi ing'aayo ya saa kuukuu; nyingi zilitiwa rediamu, nayo ni sumu.

Mwisho, kabla ya kwenda sokoni, uliza nyumbani. Huenda ndani ya sanduku la babu imo saa iliyosimama, nayo mwenyewe yu hai bado wa kukuambia aliinunua lini na kwa fedha ya mavuno gani. Andika maneno yake siku hiyohiyo. Saa ikisimama yaweza kutiwa ufunguo tena; mzee akinyamaza, basi.