Mlima Tunaoupita Kila Siku

Anayesafiri kwa basi kutoka Ifakara kwenda Mikumi hukaa na milima ya Udzungwa mkono wa kushoto, tangu Kiberege mpaka Kidatu. Tumeipita tukienda shule, tukipeleka wagonjwa, tukienda kutafuta maisha Dar es Salaam. Tulioipanda ni wachache. Mimi nilifika juu ya maporomoko ya Sanje nikiwa na miaka 46, na aliyeniongoza alikuwa kijana wa umri wa mwanangu.

Udzungwa ni jina lililotokana na Wadzungwa, watu wa miteremko ile. Wazee wetu hawakupanda kwa matembezi. Walifuata kuni, dawa, nguzo za nyumba na kitoweo, na msitu waliujua. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa katika msitu wa Mwanihana walisikia mlio wa kima wasiyemtarajia. Mwenyeji waliyekuwa naye hakushangaa. Akawaambia huyo ni ngolaga. Vitabuni hakuwamo, midomoni mwa watu alikuwamo siku zote. Leo dunia inamwita kwa jina la kijiji cha Sanje, na porini hapatikani popote nje ya milima hii.

Mwaka 1992 milima ikawa Hifadhi ya Taifa, kilometa za mraba 1,990, makao makuu yakiwa Mang'ula. Aliyeizindua ni Prince Bernhard wa Uholanzi, na maporomoko madogo karibu na makao makuu yanaitwa kwa jina lake. (Ngolaga kapewa jina la kijiji, maji yakapewa jina la mgeni. Basi tumegawana.)

Tofauti na Mikumi, huku mgeni hazunguki na gari kutazama wanyama. Ni kwa miguu. Sanje, yenye maporomoko ya mita 170, mtu huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Njia ya Mwanihana ni kilometa 38, na unalala msituni siku mbili. Ndefu kuliko hizo ni ya Lumemo, kilometa 65, ikifuata bonde la mto ule ule ambao sisi wa Ifakara huukumbuka unapofurika. Safari hizo ndefu huenda na askari mwenye bunduki, kwa kuwa tembo na nyati wamo.

Lakini historia hii ina upande ambao wageni hawausikii. Hifadhi ilipoanza, wanavijiji wa pembezoni waliendelea kuruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Maji tunayokunywa na kumwagilia mpunga yanatoka kule juu, kwa hiyo siwezi kusema msitu usilindwe. Nasema tu kwamba gharama ya kuulinda walibeba zaidi akina mama wa Mang'ula, Mwaya na Sanje, waliobaki kutafuta kuni kwingine au kuzinunua. Watoto wao wanakua chini ya mlima ambao wengi hawajauingia hata mara moja, wakati mtu wa Uswisi au Marekani anapiga hema juu yake.

Kwa hiyo mwaka huu mfuko wa chama una fungu jipya: kupeleka wanafunzi wa bonde letu Sanje, na wale wakubwa walale usiku mmoja kambini. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu. Kinachotukwamisha ni basi, chakula, malipo ya waongozaji na vifaa. Tungependa waongozaji wawe vijana wa hapa hapa, na wazee wachache waalikwe kuwataja miti kwa majina ya nyumbani kabla hayajasahauliwa.

Mchango wa fedha mpe mweka hazina wa tawi lako. Mwenye hema, sufuria kubwa au blanketi la ziada naye alete. Usiku kule juu ni baridi kuliko mtu wa Ifakara anavyodhani.