Sambaza wa Ziwa Kivu: bei hupangwa na anayeweza kungoja

Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi, kila nyumba inajua sambaza. Lakini samaki huyu si mzaliwa wa Ziwa Kivu. Wabelgiji walimtoa Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, siku za mwisho za ukoloni. Kivu ilikuwa na aina chache za samaki, na katikati ya ziwa chakula kilikuwepo bila mlaji. Sambaza alijaza nafasi hiyo.

Faida haikuja mara moja. Uvuvi wa usiku ulikua katika miaka ya 1970 na 1980. Upande wa Rwanda, mradi wa FAO ulisaidia wavuvi huko Gisenyi. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawashwa, sambaza wanafuata mwanga, kisha wavu unainuliwa kutoka chini.

Uvuvi huo ulileta chakula, lakini ulileta pia deni. Mvuvi wa ufukweni mwenye mtumbwi mmoja na ndoano alijitegemea. Mitumbwi mitatu, wavu, taa na mafuta vinadai pesa. Asiye nazo huvua kwa chombo cha mwingine na kugawana naye, au hukopa kwa mnunuzi. Aliyekopa kwa mnunuzi ameuza samaki kabla ya kuwavua. Asubuhi hawezi kuwapeleka kwa mwingine, hata akiahidiwa bei nzuri zaidi.

Halafu kuna saa. Sambaza mbichi hawangoji. Bila barafu, kila saa ya jua inapunguza bei, na mnunuzi anajua hivyo. Ndiyo maana akina mama wanaoanika wana nguvu kidogo zaidi: mzigo wa siku moja unakuwa mzigo wa majuma mengi. Mvua ikishinda ikinyesha, nguvu hiyo inapotea.

Mboga nazo zinafuata njia ileile, na vita imelionyesha hilo wazi. Mwezi wa 10, 2022, Rutshuru iliingia mikononi mwa M23. Mwezi wa 2, 2024, mapigano karibu na Sake yalikata barabara ya Minova kwenda Goma, chakula kikabaki kupita ziwani. Mwenye boti akawa na neno la mwisho. Bei zilipanda Goma, huku mazao yakikosa wanunuzi kule yanakotoka. Mkulima na mama aliyehama waliumia pamoja, mmoja akiuza kwa hasara, mwingine akinunua kwa shida.

Tangu wakati wa taa za kwanza hadi leo, kanuni ni ileile: mwenye wanunuzi wawili anaweza kukataa, mwenye mmoja anakubali tu. Kwa hiyo likelemba ya akina mama kumi, yenye kulipia mafuta ya usiku mmoja, si jambo dogo. Inamwondoa mvuvi katika deni la mnunuzi, na inawapa hao mama haki ya kusema bei.

Familia zilizohama zinaanzia chini kabisa. Wavu ulibaki nyumbani, shamba pia. Mama anachukua beseni la sambaza kwa mkopo alfajiri, na jioni lazima alipe. Hana mahali pa kuanika, hana siku ya kungoja. Kabla ya kumlaumu kwa kuuza kwa bei ya kutupa, mtu aangalie kwanza jua limefika wapi.