Reli ya Kusukumwa kwa Mikono

Msafiri atokaye Marereni kwenda Mombasa siku hizi hupanda matatu, akavuka Sabaki, Kilifi na Mtwapa juu ya madaraja, hata akateremka katikati ya vishindo vya mji. Aghalabu hakumbuki kwamba pale Kilifi watu walivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Wala hajui kwamba Mombasa yenyewe ilikuwa na reli zilizopita barabarani, mbele ya nyumba za watu.

Chanzo chake ni mwaka 1890. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara, lakini kazi ikakoma baada ya maili saba hivi. Vyuma vile havikutupwa. Vilitandikwa mjini, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake yakapita matoroli: benchi, paa la turubai, na magurudumu ya chuma. Injini hayakuwa nayo. Nyuma yake walikimbia watu wakisukuma, jua likiwachoma migongo, na abiria, aghalabu afisa wa Kizungu, ameketi kivulini. Wakubwa wa serikali walitandikiwa hata vijia vya reli mpaka milangoni mwao!

Mwaka huo huo wa 1890, London ilifungua treni ya umeme ipitayo chini ya ardhi. Ile ya moshi ilikuwako huko tangu Januari 1863. Lakini msomaji asidhani kwamba tofauti ya miji hii ilikuwa ni mitambo tu. Tazama abiria. Tangu mwaka 1864 treni ile ya London ilikuwa na safari za alfajiri kwa vibarua, kwa nauli ndogo. Mwashi aliweza kupanda. Kuli wa Kilindini, ambaye shehena zote zilipita mabegani mwake, alikwenda kazini kwa miguu.

Katika miaka ya 1920 motokaa ziliyashinda matoroli. Mabasi yakaja baadaye, nayo hayakufika kila mtaa. Penye pengo hilo ndipo zilipozaliwa matatu, zilizopewa jina kwa nauli ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Zilibeba watu kwa kujificha na askari mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kuchukua abiria bila leseni maalum.